Ukuta Usio na Wajukuu

Mjomba alishusha mifuko sita ya saruji kwenye keria ya basi, akaikodia toroli hadi kwa mama yake. Ilikuwa zawadi. Nyumba ya bibi, nje kidogo ya Korogwe, ilikuwa ya fito na udongo, na kila mwezi wa pili, kabla masika hayajakaribia, bibi aliisiliba upya kwa mikono yake na ya mjukuu yeyote aliyekosa pa kujificha. Mjomba alimwonea huruma. Fundi akaitwa, akapiga lipu upande wa mbele na ubavu wa magharibi unaopigwa na mvua, akailainisha mpaka ikang'aa. "Mama," mjomba akasema, "sasa pumzika." Bibi akapumzika.

Masika ya kwanza yalipita. Ya pili, chini karibu na msingi, lipu ikaanza kutoa chumvi nyeupe kama unga wa muhogo. Ya tatu bibi aliniita, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. "Mume wangu, hebu sikiliza." Huku ukuta ulijibu kwa sauti nzito, fupi. Hatua moja mbele ulijibu kama mtungi mtupu. Nyuma ya saruji pale hapakuwa na ukuta tena.

Haukupita mwezi, bamba la lipu lenye upana wa mlango lilijibwaga uani. Nililigeuza. Mgongoni lilikuwa limevaa udongo wa nyumba, unene wa vidole viwili, ungali na unyevu. Na pale udongo ulipobanduka, saruji ilikuwa imenakili alama za vidole vya bibi, zile alizoacha aliposiliba kwa mara ya mwisho kabla fundi hajaja. Mifereji ya vidole ilikuwa imegeuka matuta. Ungeweza kuona mahali alipoinua mkono na mahali alipoanza tena.

Tunao usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo hautuambii tuuzibe kwa nini.

Ukuta wa udongo ni mchanga, tope laini na mfinyanzi. Mchanga ndio mifupa yake, mfinyanzi ndio gundi. Chembe za mfinyanzi ni bapa, nyembamba mno, na zinashikana kwa unyevu kidogo ulio katikati yake. Unyevu huo ukizidi, zinateleza na kuachana. Kwa hiyo ukuta mzima hunywa na kutoa: hunywa mvua inapoupiga na unyevu unapopanda kutoka ardhini, hutoa jua linapowaka. Saruji haikuzuia maji yasiingie kwa bibi. Yalipita kwenye nyufa nyembamba kama unywele, mengine yakapanda kutoka chini. Ilichozuia ni kutoka kwake. Ndani ya koti lile ukuta ulirudi kuwa tope, taratibu, hakuna aliyeuona.

Nilidhani ni kisa cha kwetu, cha mtoto wa mjini aliyetaka kumfurahisha mama yake. Baadaye nikaja kusoma habari za kanisa la San Francisco de Asís, Ranchos de Taos, kaskazini mwa New Mexico, Marekani. Lilijengwa kwa matofali mabichi mwanzoni mwa karne ya 19. Georgia O'Keeffe alilichora, Ansel Adams akalipiga picha, wote wakivutwa na ule mgongo wake mnene. Mwaka 1967 waumini walilipiga lipu ya saruji ili waepukane na kazi ya kusiliba kila mwaka. Muongo mmoja hivi baadaye lipu ilipobanduliwa, ndani yake matofali yalikutwa yameloa na kumomonyoka. Mwaka 1979 wakarudi kwenye udongo, na hadi leo kila kiangazi wanakusanyika na ndoo na ngazi, wazee kwa watoto, wanalisiliba kanisa lao. Ningependa mjomba angewaona. Si kwa kumsuta, ila ajue hakuwa peke yake.

Saruji ni kosa ambalo sasa hivi mtu yeyote aliyesomea uhifadhi wa majengo ya kale analijua. Swali gumu zaidi linakuja baada yake. Kuna kimiminika ambacho hakifanyi kosa hilo, na mtu mwenye akili timamu anaweza kukitetea.

Fanya jaribio hili, halina gharama. Tafuta kipande cha tofali bichi, ukubwa wa ndimu, kiwe kikavu kabisa. Kitie ndani ya glasi ya maji, uketi. Kwanza vitatoka viputo, hewa inakimbia. Kisha kingo zitaanza kulainika, chembe zitadondoka moja moja, halafu kwa pamoja, na kabla chai yako haijapoa hakuna tofali, kuna tope chini ya glasi. Sasa chukua kipande kingine kilichonyweshwa kimiminika nilichokitaja, ethili silikati, na kuachwa kwa wiki kadhaa. Kitie majini. Kitatoa viputo vilevile, maana maji yanaingia bado. Kitaloa. Lakini hakitaporomoka. Ukikitoa na kukianika, kitakauka na kuwa kama kilivyokuwa, rangi yake karibu ileile.

Hapo ndipo uzuri wa kitu hiki ulipo. Plastiki za kimiminika zilizopakwa kwenye magofu zamani, na nta, na gundi, mara nyingi zilijenga ngozi juu ya ukuta, ngozi hiyo ikafanya kazi ya lipu ya mjomba. Ethili silikati ni nyepesi, inazama. Ikiwa ndani hukutana na unyevu, huvunjika. Sehemu moja hugeuka alkoholi na kuruka hewani, nyingine hubaki kama silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, ikizishika chembe mahali pake. Vitundu vya ukuta havizibwi. Mvuke unapita. Mwanasayansi wa Italia, Giacomo Chiari, aliijaribu kwenye kuta za kale za udongo huko Irak na Peru katika miaka ya 1970, na tangu wakati huo imekuwa ikitajwa mbele ya kemikali nyingine zote pale panapozungumzwa udongo.

Kiswahili huita dawa karibu kila kinachopakwa: dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mchwa. Ni neno lenye ukarimu, lakini linabeba dhana kwamba anayepakwa anaumwa. Ukuta wa udongo unaomomonyoka hauumwi. Unafanya kile ambacho udongo hufanya ukiachwa na mvua bila mtu wa kuuangalia. Na dawa hii, kama dawa nyingine, ina masharti ambayo muuzaji huyataja mwishoni. Ukuta uwe mkavu hasa, nao ukuta unaohitaji msaada ndio huo usiokauka. Inywe hadi ndani. Ikiishia juu juu, sehemu iliyokaza na sehemu iliyo laini nyuma yake zitatanuka kwa viwango tofauti, na siku moja ganda litajibwaga kama lile bamba la uani. Haiunganishi kilichokwisha kubanduka. Haizuii chumvi inayopanda kutoka ardhini. Ni ghali kwa ukuta mrefu. Na haitoki. Ukishaipaka, umewaamulia watakaokuja baada yako, hata kama wao watajua zaidi.

Sharti la mwisho ndilo linaloniweka macho. Udongo ni kitu pekee cha ujenzi ninachokijua kinachokubali kusahihishwa bila kinyongo. Ukikosea, unamwagia maji, unaukanda tena. Tunaposema tunaulinda kwa kuufanya usiyeyuke, tumeuondolea sifa hiyo iliyoufanya ustahili kulindwa.

Kusini mwa jimbo lilelile la New Mexico, kando ya mto Rio Grande, kuna magofu ya Fort Selden, ngome ya jeshi iliyojengwa kwa matofali mabichi mwaka 1865 na kuachwa mwaka 1891. Paa ziliondoka, kuta zikaanza kurudi ardhini. Katika miaka ya 1980 watu wa makumbusho ya jimbo, na baadaye Taasisi ya Uhifadhi ya Getty kutoka California, walijenga jirani na magofu vijikuta vya majaribio. Vingine vikapakwa kemikali za aina hii na ile, vingine vikaachwa uchi, vingine vikawekewa kinga juu au mfereji chini, vikanyunyiziwa maji kwa makusudi, kisha watu wakakaa miaka kutazama. Nimeziona picha zake: safu ya kuta zisizo na nyumba, kila moja na namba yake. Ni mandhari ya ajabu kidogo, kama wodi ambayo wagonjwa wote wameletwa wakiwa wazima.

Walichojifunza watu wa udongo kwa majaribio ya namna hiyo, bibi angewaambia bila kulipwa: ukuta hufia kichwani na miguuni. Maji yakiachwa yasimame juu yake, au yakiachwa yajikusanye chini yake, hakuna cha kupaka tumboni kitakachouokoa. Katika jimbo jirani la Arizona, jengo la kale la Casa Grande lilijengewa paa la bati mwaka 1903, kisha mwaka 1932 likawekewa banda kubwa la chuma ambalo liko hadi leo. Halipendezi. Limesimama juu ya gofu kama mwavuli juu ya bibi harusi. Lakini gofu lipo chini yake, kavu.

Kila makala kuhusu udongo hupita Djenné, Mali, nami napita, ila kwa haraka kwa sababu wengi wamekwisha kuusimulia msikiti wake wa udongo. Jengo la sasa ni la mwaka 1907. Miti ya mivumo imechomoza ukutani, ni pambo na ni ngazi ya mafundi. Mji mzima hutoka kuusiliba kwa tope lililochanganywa na pumba za mpunga na kuachwa lichache. Kinachosahauliwa ni kwamba hata mikono mingi hivyo si kinga ya kila kitu: Novemba 2009 mvua ya milimita 75 ilinyesha ndani ya saa 24, na sehemu ya juu ya mnara mmoja ikaporomoka. Wakaujenga tena. Udongo ulikuwa uleule, na waliojua kuujenga walikuwa hapohapo.

Walikuwa hapohapo. Nadhani hilo ndilo linalogawa magofu na nyumba, kuliko umri. Fort Selden wanajeshi waliondoka. Chan Chan, mji mkuu wa watu wa Chimú kwenye pwani ya kaskazini ya Peru, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 20, ulianguka mikononi mwa Wainka karibu mwaka 1470 na baadaye ukabaki mtupu. UNESCO iliuingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, na mwaka huohuo ikauweka kwenye orodha ya ulio hatarini, maana pwani ile ni jangwa hadi El Niño inapokuja, na ikija, inaleta mvua juu ya mji ambao haukujengewa mvua. Nani atausiliba? Magofu hayana wajukuu. Dawa huletwa pale mikono ilipoondoka, na mara nyingi tunaigombeza dawa kwa kosa la kuondoka kwa mikono.

Hata mikono ingekuwapo, Chan Chan ina jambo jingine. Kuta zake zimechongwa samaki, ndege, mawimbi, nyavu. Hapo huwezi kusiliba. Ukuta wa bibi ulikuwa na ngozi inayobadilishwa kila mwaka na hakuna kilichopotea. Ngozi ilikuwa nguo tu. Ukuta wa Chan Chan umeandikwa kwenye ngozi yenyewe. Milimita tano zikiondoka, samaki ameondoka. Nilipolitambua hilo nililegeza msimamo wangu. Pale ambapo uso wa udongo ndio kitabu, na ukuta ni mkavu, na juu pana paa, na fundi anajua anachofanya, ethili silikati ina haki ya kuingia. Kwa ukuta mwingine wowote ningesema iachwe kwenye pipa lake.

Mbali na kusiliba na kupaka dawa, kuna namna ya tatu. Abomey, Benin, makao ya wafalme wa Dahomey, jumba la mfalme Glele aliyetawala kati ya 1858 na 1889 lilikuwa na michongo ya udongo yenye rangi: vita, wanyama, mafumbo ya utawala. Simba ni yeye Glele, nyati ni baba yake Ghezo, papa ni mwanawe Béhanzin. Jengo lilipokuwa likijengwa upya mwaka 1988, michongo ya kale ilikatwa ukutani ikawa vipande vinavyojitegemea, na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Benin na wa Getty wakaishughulikia 50 kati yake, ikawekwa ndani ya makumbusho. Imepona. Lakini haiko tena ukutani ikimtazama mgeni wa mfalme anayeingia. Sijui kama ningekubali, na sijui kama ningekataa.

Na ya nne iko kwetu. Laetoli, kusini mwa Olduvai, hakuna ukuta, lakini udongo ulioandikwa upo. Miaka milioni 3.6 iliyopita jivu la volkano lilinyeshewa, likawa kama tope la kusilibia, na watu waliokuwa bado hawajawa watu wakapita juu yake kwa miguu miwili. Timu ya Mary Leakey ilizikuta nyayo hizo mwaka 1978, mstari wa mita kama 27. Mwaka uliofuata zikafunikwa kwa mchanga na mawe ili zilindwe. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, ikanenepa kwenye kifuniko chenye unyevu mzuri, mizizi ikateremka kuelekea nyayo.

Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na hao hao Getty walifika. Miti ikakatwa, visiki vikapakwa dawa ya kuua magugu inayooza yenyewe ardhini, na mwaka 1995 na 1996 nyayo zikafukuliwa kipande kwa kipande, mizizi ikatolewa kwa subira. Kisha zikazikwa upya, safari hii kwa mchanga uliochekechwa na vitambaa maalumu, kimojawapo kikiwa na vinundu vinavyotoa polepole dawa ya kuzuia mizizi. Ninachokipenda hapo ni mahali dawa ilipowekwa. Iliwekwa kwenye visiki, ikawekwa kwenye kitambaa. Iliwekwa karibu na nyayo. Wamasai wa eneo hilo walifanya tambiko, kwa sababu atakayeng'oa mche wa mgunga unaochipua juu ya kaburi lile ni mchungaji anayepita, na mchungaji hang'oi mche kwa ajili ya kitu asichokiheshimu.

Bibi hakuwahi kusikia habari za Laetoli. Lile bamba lilipoanguka, alinituma kichuguuni nilete udongo, akauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu, akaukanyaga akiwa amefunga kanga kiunoni. Lipu iliyobaki tuliibandua yote kwa shoka. Mjomba alipokuja Krismasi aliukuta ukuta wake umevuliwa, akanyamaza, kisha akavua shati akatusaidia ubavu wa magharibi. Alisiliba vibaya sana. Bibi alipitia nyuma yake usiku, akirekebisha kwa mwanga wa kibatari ili asimwaibishe.

Bibi amefariki. Nyumba ilitiwa kufuli, na sisi wajukuu tukawa tunasema kila Januari kwamba mwaka huu lazima twende. Masika ya nne bila yeye, ubavu wa magharibi uliporomoka usiku. Hakukuwa na mtu ndani. Jirani amepanda maboga pale, na yanasitawi.

Kipande kimoja cha lile bamba ninacho Dar es Salaam, ukubwa wa sahani, chenye matuta manne ya vidole na chembe za udongo zilizong'ang'ania katikati yake. Ndiyo alama pekee ya mkono wake iliyobaki, na imeshikwa na saruji. Nimekiweka kwenye kabati la vyombo, pakavu. Sijakipaka kitu.